Uwani kwanza, vyumba baadaye

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo hapa Malindi, Pwani ya Kenya. Nimechora maduka ya Barabara ya Lamu, nimechora nyumba za kukodisha wageni, na za watu waliorudi na akiba kutoka ng'ambo. Zote zilinilipa vizuri. Lakini kazi iliyonifundisha kuchora ni ya kikundi kimoja cha wapangaji: madereva wa tuktuk, wapishi wa hoteli, wachuuzi wa samaki, dada wa kufua nguo, vibarua wa machimbo ya mawe. Walichanga kidogo kidogo kwa miaka, wakapata kipande cha ardhi nje kidogo ya mji, kisha wakaja kwangu niwachoree makazi.

Nayaandika haya sasa kwa sababu nyumba za watu wa kipato cha chini zimekuwa habari ya nchi nzima. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipitishwa 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri anatoa kiasi hicho hicho, na sheria yenyewe imetenga nyumba za jamii kwa wale wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilikwisha kusema kwamba makazi yanayofaa ni haki ya kila mtu. Fedha zinakusanywa na haki imeandikwa. Ninachohofia mimi ni ramani, maana nyingi ninazoziona zinaanza na chumba na kuishia chumbani.

Ukitaka kujua mpangaji wa Malindi anaishi wapi hasa, nenda mitaa ya Maweni au Kisumu Ndogo mapema, jua halijakaza, uingie nyumba yoyote ya Kiswahili kwa mlango wa nyuma. Nyumba hizi zinajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu vitatu kila upande, kisha uwani penye jiko, bafu, choo, na mara nyingine kisima. Kila chumba kina familia yake. Lakini saa hiyo vyumbani hamna mtu ila mtoto mchanga aliyelala. Wote wako uwani. Mmoja anachoma mahamri ya kuuza, mwingine ametenga mbaazi, msichana anamwogesha mdogo wake kwenye karai, na bibi mmoja amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, jicho lake kwa watoto wa nyumba nzima ili mama zao waende kazini. Bibi huyu hamtozi mtu. Anayekodi chumba cha futi kumi kwa kumi hapo anatumia nafasi mara nne au tano ya ile anayoilipia, na riziki yake inatoka kwenye hiyo ya ziada.

Sasa mhamishe mama wa mahamri, umpe vyumba viwili ghorofa ya tatu, vigae sakafuni, maji ya bomba, choo ndani. Umempa vitu vizuri na anavistahili. Ila umemwondolea jiko la biashara, mlezi wa watoto na mahali pa kuuzia. Haupiti muda anaikodisha ile nyumba kwa mwalimu au karani, naye anarudi Maweni. Watu husema maskini hawajui kuthamini wanachopewa. Mimi nimekaa na mama wa namna hii tukapiga hesabu ya mwezi wake, kitu kwa kitu, na hesabu yake ni sahihi kabisa.

Pwani hili tumeliona zamani. Kule Unguja, majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yaliwapa watu wengi nyumba imara, na mpaka leo yamesimama. Lakini tazama chini yake: mabaraza, maskani, vibanda, watu wanaocheza bao. Wakazi walishuka chini kuitafuta ile sehemu ya nyumba ambayo haikuchorwa.

Kwa hiyo kikundi kiliponijia, sikuanza na karatasi. Tulikubaliana kuchora juu ya ardhi yenyewe kwa chokaa, kwa vipimo kamili. Fundi alishika futi kamba, vijana wakavuta uzi na kunyunyiza chokaa, tukapata nyumba nane zimezunguka uwani mmoja, milango ikiwa mapengo kwenye mstari. Kisha kila mmoja akaambiwa aingie kwake afanye anayofanya asubuhi. Mwanzoni watu walicheka. Halafu mama mmoja muuza viazi karai akasimama mahali pa jiko lake, akanyoosha mkono kama anayegeuza viazi kwenye mafuta, akaniuliza, "Mwanangu, moshi huu utaingia kwa nani?"

Upepo siku ile ulikuwa wa kusi. Tulitazama unakoelekea: dirishani kwa jirani mwenye mtoto wa pumu. Palepale tukaufuta mstari kwa miguu. Tulijadiliana mpaka tukafika kwenye jambo ambalo wavuvi waliokuwepo walilijua tangu utotoni. Kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo mwaka mzima pepo hizi mbili zinausukuma moshi upande wa magharibi. Majiko yote ya biashara yakaenda magharibi mwa uwani, chini ya paa moja refu lisilo na ukuta nyuma. Hakuna senti iliyoongezeka.

Mzee mmoja Mgiriama, aliyekuwa kimya tangu tuanze, naye akauliza lake. "Na mtu akifa, matanga tutayakalisha wapi?"

Swali hili nimelibeba kila ninapofungua ramani ya nyumba za watu wengi, iwe ya serikali au ya kampuni. Matanga yanataka turubai, viti, sufuria kubwa, mahali pa kuni, na watu wanaolala nje siku kadhaa. Awe Mwislamu au Mkristo, Mgiriama au Mbajuni, mtu wa mji huu hazikwi na watu wa nyumba yake peke yao. Harusi ni vilevile. Tulichofanya ni kuunganisha nyua mbili mbili kwa njia pana yenye miarobaini pembeni, ili siku ya msiba au arusi nyua mbili ziwe uwanja mmoja, na siku za kawaida kila uwani ubaki na watu wake. Njia hiyo hiyo gari la kuzima moto linapita, na la wagonjwa pia. Mhandisi aliyepitia ramani alitaka tuipunguze tuongeze nyumba mbili. Kikundi kilikataa, na nilifurahi kwamba waliokataa kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao bado walikuwa kwenye orodha ya kusubiri.

Wanawake walidai stara, na walilieleza jambo hili kuliko ambavyo ningeweza kulieleza mimi. Mlango wa mbele usitazamane na mlango wa jirani. Mtu aweze kutoka kwake akaenda kwa mwenzake kuazima chumvi bila kupita barazani mbele ya wanaume. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia 2001, ulilijibu hili kwa mawe: unaingia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, unageuka kwanza ndipo uuone ua wa ndani, na juu ya vichochoro kuna wikio la kuunganisha nyumba na nyumba. Sisi hatuna fedha za wikio. Lakini kuupinda mlango ni bure, na vijilango vya nyuma vinavyofungukia uwani ni mbao chache tu. Huwa nasikitika nikiona hoteli zimeiga madaka na zidaka (vishubaka vya ukutani) za Lamu kwa ajili ya picha, na nyumba za wenyeji zinachorwa kama ghala.

Vifaa vilitugombanisha. Mafundi wa hapa wamezoea mawe ya matumbawe yanayochimbwa bara kidogo, yakichongwa kwa mkono. Ni mawe mazuri, mepesi kiasi, na wanachama kadhaa wanaishi kwa kuyachimba. Lakini machimbo yanaacha mashimo yanayojaa maji ya mvua na mbu, na bei ya kuyasafirisha haishuki. Tukakubaliana kuchanganya: mawe kwenye msingi na pembe, na kuta za kati kwa matofali ya udongo mwekundu yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yakitiwa saruji asilimia 5 mpaka 8 tu, bila kuchomwa, kwa hiyo bila kukata kuni. Vijana wa kikundi waliyafyatua wenyewe. Plasta ya nje kwenye mawe tuliifanya ya chokaa. Saruji juu ya jiwe la matumbawe inaziba pumzi. Chumvi na unyevu vinabaki ndani mpaka plasta inavimba na kubanduka, na kila aliyekaa karibu na bahari amewahi kuuona ukuta wa namna hiyo. Fundi kijana alinibishia kwamba chokaa ni ya wazee. Mzee wake, aliyewahi kuchoma chokaa kwenye tanuri, ndiye aliyemnyamazisha.

Boriti za mikoko tuliziacha. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na marufuku ya ukataji ya 2018 iliwaonyesha mafundi wengi ubaya wa kutegemea msitu mmoja. Badala yake tukatumia mivinje. Wakulima wa Malindi na Kilifi wanaipanda mashambani mwao, na ndani ya miaka minne mitano hivi unapata mti wa kujengea. Fedha ya boriti inabaki kwa mkulima wa jirani.

Paa ndilo lililokuwa gumu. Makuti yana ubaridi hakuna mfano, ila yakishika moto na upepo upo, mtaa mzima unakwenda. Wapo kwenye kikundi waliowahi kuunguliwa na kila kitu, na hawakutaka hata kulisikia neno hilo. Bati nalo mchana wa Februari linakufanya ukae nje. Tuliweka bati jeupe lenye mwinuko mkali, tukaacha pengo la kupitishia upepo kati ya ukuta na paa, likiwa na wavu, na tukalitokeza paa mbele mpaka likafunika baraza. Madirisha yanatazamana, la mashariki na la magharibi, ili pepo zote mbili zipite ndani. Si ubaridi wa makuti, lakini usiku watu wanalala.

Maji na choo havitenganishwi hapa. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachoingia kwenye choo cha shimo kinasafiri chini mpaka kisimani. Kipimo kinachotajwa sana ni mita 30 kati ya choo na kisima, na kwenye mwamba wenye nyufa kama wetu hata hizo hazitoshi. Kwenye ploti za futi hamsini utazipata wapi? Kwa hiyo visima ni vya kufulia na kumwagilia, basi. Kila uwani una tangi lake la maji taka lisilovuja, na tangi limewekwa pale gari la kunyonya linapoweza kurudi kinyumenyume hadi kwenye mfuniko. Nimeona matangi mazuri ambayo hakuna gari linaloweza kuyafikia, yakafurika mbele ya milango ya watu.

Ya kunywa inatoka kwenye bomba, ambalo huletea Malindi maji ya visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na bomba likikauka ni mvua. Mahali hapa panapata karibu milimita elfu moja kwa mwaka. Paa la mita 60 za mraba linakusanya lita 60 kwa kila milimita moja inayonyesha, kabla ya kutoa kinachopotea. Ukiwaambia hivyo watu wanaonunua maji kwa mtungi kutoka kwa msukuma mkokoteni, hawahitaji hotuba ya mazingira. Waliuliza mara moja tangi la pamoja litakaa wapi na ufunguo wake utashikwa na nani. Ufunguo anashika mama mmoja kwa zamu, kila uwani na wake.

Kwenye fedha kuna jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua na benki hazilitaki. Malindi inaishi kwa msimu. Desemba mpaka Machi kuna kazi, Agosti kuna kazi. Kuanzia Aprili masika yanaingia, hoteli nyingi zinapunguza watu au kufunga, na mpishi aliyekuwa na mshahara anakaa barazani. Mkopo unaotaka kiasi kile kile kila mwezi unamwangusha mtu huyo mwaka wa kwanza, naye si mvivu wala si mwizi. Kikundi kilijipangia: unalipa kingi msimu ukiwa juu na kidogo sana masika, na mwisho wa mwaka jumla ndiyo inayohesabiwa. Na hatukujenga nyumba nzima kwa mara moja. Kule Iquique, Chile, kampuni ya Elemental ya Alejandro Aravena ilijenga mtaa wa Quinta Monroy, uliokamilika 2004, kwa kuzipa karibu familia mia moja nusu nyumba iliyo imara, yenye choo, jiko na ngazi, na nafasi ya kuongeza nusu ya pili wenyewe. Watu walilisifu wazo hilo duniani kote. Mafundi wetu wakalitambua mara moja, maana Pwani nzima inajenga hivyo: chumba kimoja mwaka huu, nondo zikiachwa zimechomoza juu kwa ajili ya mwaka mwingine. Tulichoongeza sisi ni msingi na nguzo zinazostahili mzigo utakaokuja, ili mtu akipandisha ghorofa moja isimwangukie.

Nimeacha ardhi mwisho, na ndiyo iliyochukua muda kuliko yote.

Katika ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa hati waliojua kudai na kuweza kuthibitisha, na wengi, hasa Wamijikenda, wakabaki bila kitu juu ya ardhi waliyokuwa wakiilima. Matokeo yake tunayo mpaka leo: mtu anajenga nyumba yake, anailipia kodi ya ardhi mwenye shamba, na nyumba ni yake lakini udongo ulio chini si wake. Shamba likiuzwa, nyumba inabomolewa. Wanachama wengi walikulia kwenye nyumba kama hizo. Ndiyo maana mkutano wa kwanza kila mtu alitaka hati yake mwenyewe, ya ploti yake mwenyewe, mkononi.

Nawaelewa. Lakini niliwaomba watazame Dandora, Nairobi, ambako kuanzia 1975 mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia uligawa ploti 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Ploti nyingi ziliingia mikononi mwa wenye fedha, zikapandishwa vyumba vya kupangisha, na uwani ukajengwa mpaka mwisho. Mtu mmoja mmoja mwenye shida hawezi kumkatalia tajiri mwenye fedha taslimu. Mtoto anaumwa, karo inadaiwa, hati inauzwa. Uwani ndio unaokufa wa kwanza, kwa kuwa kila anayenunua anaona nafasi tupu isiyoleta kodi.

Voi walichagua njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye mtaa wa Tanzania-Bondeni: ardhi inashikwa na jamii kwa pamoja, nyumba ni ya mwenye nyumba. Nilipowaeleza hili, mzee mmoja wa msikitini akasema, "Hiyo si ngeni, ni kama waqfu." Kweli ni karibu na waqfu, kwa kuwa ardhi ya waqfu haiuzwi wala hairithiwi, na Pwani imejaa misikiti, visima na mashamba yaliyodumu kwa njia hiyo. Nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kutenganisha nyumba na ardhi sisi tumekuzoea kwa vizazi. Kilichotuumiza ni kwamba aliyeishika ardhi alikuwa mtu mmoja, mbali, asiyetujua. Ikishikwa na majirani wenyewe, mpango ule ule uliokuwa unawafukuza watu unawalinda.

Kanuni walizoandika ni fupi. Nyumba unaweza kuiuza, kwanza kwa kikundi, kwa bei ya jengo inayokadiriwa na fundi na wanachama wawili. Ardhi haimo kwenye bei. Uwani haujengwi hata kwa idhini ya wote wanaouzunguka, isipokuwa mkutano mzima ukubali. Waislamu waliuliza juu ya mirathi, wakaenda kwa kadhi, wakarudi wameridhika: nyumba inagawanywa kama kawaida, na ardhi haiingii kwa kuwa haikuwa ya marehemu.

Lililobaki ni la kukodisha. Baadhi wanataka marufuku kabisa, wakihofia yale ya Dandora. Wajane wanasema chumba kimoja cha mpangaji ndicho kitakachowalisha masika yakiingia. Mimi niko upande wao: chumba kimoja kikodishwe, nyumba nzima isikodishwe, na mpangaji awe na haki ya uwani kama wengine. Kura itapigwa mkutano ujao. Kwenye ramani nimeshatia mlango wa pili wa nje kwa zile nyumba za pembeni, ili wakikubali pasiwe na ukuta wa kubomoa.